Sauti ya Bi Hamdiya Mbele ya Kamati

Profesa Marisol Treviño alikuja Maskati kufundisha mwaka mmoja katika chuo binafsi. Alikuwa Mchikana, yaani Mmarekani wa asili ya Meksiko, na jina hilo alilitaja kwa fahari. Zamani, akiwa mwanafunzi Kalifonia, aligoma na wenzake mpaka chuo chao kikakubali kufundisha historia ya watu wao. Lakini ndani ya mgomo huohuo wasichana waliandika hotuba, wavulana wakazisoma. Siku moja Marisol alipanda jukwaani na hotuba aliyoiandika, akaisoma mwenyewe. Tangu hapo hakunyamaza tena.

Mwanafunzi wake Ghaliya, wa familia iliyorudi kutoka Unguja, alitaka kuandika tasnifu juu ya wanawake waliotoka Zanzibar wakaja kusomesha wasichana wa Omani miaka ya sabini. Kamati ya chuo ilimkatalia. Ilisema hakuna nyaraka, na maneno ya mabibi si ushahidi. Ghaliya akamwomba Marisol akamtetee.

"Nikisema mimi, watanisikia mimi," Marisol alimjibu. "Sema wewe. Mimi nitakaa ubavuni pako."

Akamsimulia kwamba tasnifu yake mwenyewe, juu ya shangazi zake waliochuma zabibu mashambani, ilirudishwa mara mbili kabla ya kupita. Wiki nzima wakafanya mazoezi ofisini, Marisol akiuliza maswali makali, Ghaliya akijibu.

Kamati ilipokutana tena, Ghaliya alisema mwenyewe. Alieleza kwa Kiingereza namna atakavyolinganisha kauli za mabibi hao, kisha akafungua rekodi katika simu yake. Ikasikika sauti ya bibi yake, Bi Hamdiya: "Nlikuwa nna watoto arubaini darasani, kitabu kimoja. Nkakichana kurasa kurasa, nkawagaia."

Mwenyekiti, Daktari Murshid, alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwao pia kilizungumzwa Kiswahili, ingawa chuoni hakuna aliyewahi kumsikia akikitumia.

"Bibi yako yu hai?" aliuliza, kwa Kiswahili.

"Yupo, Daktari. Yuko nyumbani kwetu, Hail, na walimu wenzake sita wamekubali kuhojiwa."

"Sita hawatoshi, mwanangu. Tafuta kumi na wawili, kisha anza."

Marisol hakufahamu hata neno moja, ila alimwona Ghaliya alivyokaa wima, akajua wamemkubalia. Nje, alipotafsiriwa maneno hayo, alicheka, akaomba apelekwe kumsalimu Bi Hamdiya. Ghaliya alikuwa ameshapiga simu nyumbani, akiwaambia kwamba Ijumaa watakuwa na mgeni wa chakula cha mchana.