Zipu ya Mgongoni mwa Skarni

Jumamosi asubuhi Marlene Vrabel alikuwa akipanga viti katika ukumbi wa hoteli moja ya kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Pittsburgh, pale Leonard Tuttle alipoingia kutoka maegeshoni akichuruzika maji. Leonard alikuwa amekufa tangu kabla Marlene hajazaliwa. Alivaa vazi lake la mpira, la Skarni, dubwana la machimbo ya chokaa katika filamu ya zamani aliyoigiza, lenye magamba kuanzia utosini mpaka kwenye kucha. Kila alipokanyaga, zulia lilibonyea na kutoa maji.

"Umewahi," Marlene akamwambia. "Tunafungua saa nne."

Gus Hartung, mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa Skarni, akaja na kikombe chake cha kahawa, akamtazama mgeni juu mpaka chini, akaguna.

"Mtandikieni nailoni chini ya kiti. Meneja wa hapa zulia lake ndiyo roho yake."

Basi wakamketisha Leonard kwenye meza ya wageni wa heshima, kati ya mchonga vinyago na mashine ya bisi, wakampa kalamu ya wino mzito ili atie saini picha.

Tuseme ukweli, alinuka. Alinuka mpira uliooza, alinuka ukungu, na chini ya hayo yote kulikuwa na harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye friji iliyozimika. Kutoka tundu la jicho la kushoto viluwiluwi vilidondoka kimoja kimoja juu ya picha. Watu walivipangusa kwa leso, wakaweka picha zao kwenye mifuko ya plastiki, wakashukuru. Foleni ilifika hadi mlangoni, na humo humo kwenye foleni walikuwa wakila pirogi, maandazi yaliyojazwa viazi, mafuta yakiwatiririka kidevuni. Mmoja alivuta pumzi ndefu akasema sasa hii ndiyo sinema, siyo takataka za siku hizi.

Watu hawa walikuwa wamekufa wameoza kwa Skarni tangu utotoni, na Marlene alikuwa wa mstari wa mbele. Alipokuwa na umri wa miaka saba alifungwa mshipi wa vyuma na ngozi wa kunyoosha uti wa mgongo, na watoto wa shule wakambandika jina la Kabati. Jumamosi moja mchana akamwona Skarni kwenye televisheni: anatembea kwa kukakamaa kama yeye, hawezi kugeuza shingo, mji mzima unamfukuza kwa mienge. Mtoto wa watu akalia kwa furaha. Jioni mama yake alipokuja kumfungua vifungo, maana vilikuwa mgongoni na mikono ya mtoto haikuvifikia, Marlene alimwambia amepata rafiki.

Filamu ile inaisha Skarni akitumbukia kwenye machimbo yaliyojaa maji. Anarusha mikono, anajipinda, anazama. Kila mwanachama alijua kwamba Leonard hakuwa akiigiza. Zipu ilikuwa mgongoni, mtu wa kumfungulia alikuwa ametumwa akale chakula cha mchana, na mwongozaji, kwa kuona jinsi mambo yanavyopendeza, alimwambia mpiga picha asithubutu kuzima. Walimzika na vazi lake, kwa sababu zipu iligoma. Kisa hicho wapenzi waliwasimulia wanachama wapya kama watu wanavyosimulia harusi. Tena walikuwa na desturi yao: kipande hicho kikifika, ukumbi mzima hubana pumzi mpaka Skarni atulie. Anayefika mwisho hupewa beji. Marlene alikuwa nazo tele.

"Tafadhali," Leonard alimwambia kila aliyefika mezani, kwa sauti iliyotoka mbali kama ya mtu aliye kisimani, "nifungulie zipu."

"Lo! Mzee bado yumo kwenye uhusika!" Doug Stiles akacheka. Doug alikuwa dereva mstaafu wa gari la shule, mtu wa kupendwa na watu. Akatoa kisu cha mfukoni, akabandua gamba moja begani mwa Leonard. "Moja tu, mzee wangu. Hata hutasikia."

Bibi aliyekuwa nyuma yake akaomba aazimwe kisu.

Kufikia adhuhuri bega zima lilikuwa limekwanyuliwa, likitoa uteute wa kijivu, na vijipande vya Leonard vilikuwa vimefungwa kwenye leso za karatasi, ndani ya pochi za watu wenye adabu zao. Marlene alileta kitambaa apanguse meza.

"Mama," Leonard akamwambia, "nifungulie."

Marlene akapeleka mkono mgongoni mwa Leonard. Kishikizo cha zipu kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Chini ya mpira alihisi mgongo wa mtu ukitetemeka, na wake mwenyewe ukakakamaa, pale pale vilipokuwa vifungo vya utotoni.

"Marlene! Ebu toa mkono hapo!" Gus alikuja akipunga karatasi ya ratiba. "Unajua vazi hilo ndilo la asili, hakuna jingine duniani? Ukilivuta litachanika kama karatasi ya chooni."

"Kuna mtu ndani, Gus."

"Sasa nani hajui kuna mtu ndani? Si ndiyo utamu wenyewe huo?"

"Anaomba atoke."

"Ataomba baada ya filamu. Tutapiga kura, kama tunavyofanya siku zote. Usituharibie siku, mama, nakuomba."

Kweli chama kilipigia kura kila kitu: ngurumo bora, bango bora, mpaka rangi ya fulana. Mapazia yakavutwa, filamu ikaanza. Leonard akawekwa mstari wa mbele, nailoni yake chini.

Kipande chenyewe kilipofika, mashavu yote yakavimba. Pale kwenye skrini mikono yenye magamba ilikuwa ikipiga maji, na hapa kitini mikono ileile ikaanza kupapasa mgongoni bila kufika. Maji yakamtoka Leonard kinywani yakafurika hadi miguuni mwa watu. Wakainua miguu, macho mbele. Marlene akapumua. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kwa hiyo pumzi yake ilisikika.

Doug akamkaripia kwa mkono, uso umemwiva. Aliogopa kusema asije akaikosa beji.

Taa zilipowashwa walipiga makofi, wakagawana beji, kisha Gus akauliza nani anataka vazi lifunguliwe. Marlene akanyoosha mkono, peke yake. Gus akauliza nani hataki. Hakuhangaika kuhesabu.

"Basi imekwisha," akasema. "Tunakupenda, Leonard!"

"Tunakupenda!" wakaitikia, na wengine walikuwa wakilia kwelikweli.

Hapo ndipo Marlene alipochukua mafuta ya kukaangia kwenye meza ya pirogi, akayamwaga yote kwenye zipu na kuvuta. Gus alipiga kelele. Akavuta tena kwa mikono miwili, na meno ya zipu yakaachia, kiasi cha shibiri moja.

Ndani palikuwa na kisogo. Kisogo cha kijana, cheupe, kilichokunjamana kwa maji, nywele zimenyolewa vizuri na kinyozi siku chache kabla, na chunusi ndogo chini ya sikio. Hakikunuka chochote. Leonard akavuta hewa, na sauti ya pumzi hiyo ilikuwa ya mtu wa kawaida kabisa.

"Aka! Funga! Funga hicho kitu!" Bibi wa kisu aliziba mdomo wake. Doug aliyekuwa amekula bakuli mbili za pirogi karibu na viluwiluwi alijikunja akatapika juu ya viatu vyake. Mwingine akasema anaomba radhi lakini hayo si mambo ya kuonyesha watu mchana kweupe.

Wawili wakamshika Marlene mikono, kwa upole, maana walikuwa marafiki zake wa miaka mingi. Gus akageuza uso pembeni, akapandisha zipu mpaka juu kwa nguvu zake zote. Kishikizo kikamkatikia mkononi. Akakitazama, akakipangusa kwenye suruali, akakitia mfukoni.

"Afadhali," mtu akasema, na watu wakapumua.

Marlene aliachiwa. Alisimama ukutani, mafuta na kutu vimemjaa viganjani. Aliwatazama watu aliozeeka nao wakirudi kwenye foleni, wakipeana nafasi kwa heshima, tafadhali dada, tangulia kaka.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye miwani, aliyetoka mbali. Akasogeza simu yake karibu na kinywa cha mpira.

"Nifungulie," Leonard akasema.

"Rudia, mzee. Haikuingia vizuri."

Leonard, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsumbua mtu kazini, akarudia.