Lornah, Tupe Do

Nilinyimwa viza. Eti sina mume, sina mtoto, sina cha kunirudisha Kenya. Kwaya yetu ya vijana ya Kinoo ikaenda Ulaya bila mimi, mimi ambaye kwa miaka sita nimewapa sauti ya kuanzia, ile do, maana kinanda hatuna.

Leo nikipiga pasi kwa tajiri wangu Lavington, Ochola wa kwaya alinipigia simu. Walikuwa wakitembezwa katika kanisa la kale, wakaombwa waimbe.

“Lornah, tupe do! Tunaanza vibaya.”

Mjinga mimi, nikawapa. Wakaanza. Ochola akasahau kukata simu.

Nikazima pasi, nikatega sikio nisikie pengo nililoacha kwenye sauti zao. Wakaimba mpaka amina. Pengo halikuwepo.