Mkono wa Mgonjwa wa Tisa

...mia mbili na kumi na nne, ndiyo, ameshaandika hivyo kwenye kisanduku cha idadi ya kunukuliwa, makala moja tu mara mia mbili na kumi na nne, na zile nyingine kumi na moja ukizikusanya zote hazifiki hata sabini, lakini nani atauliza, kamati inatazama jumla na jumla inatosha, profesa mshiriki, Dk. Lea Kalinga wa picha za ubongo, mama yake kule Ilomba ameshatangaza kanisani kabla hata fomu ya kupandishwa cheo haijasainiwa... "Samahani kwa mkono wa kushoto, Daktari," akasema Severina wa masijala, wa kulia kashika kikombe cha chai, wa kushoto anamnyooshea kalamu, "saini hapo chini niipeleke, mwisho wa kupokea fomu ni saa nne," asante Severina, akaipokea, akainamia fomu, mkono ukagoma, kwa sababu kuna mtu mwingine alishawahi kumwomba radhi hivyo hivyo, nani yule... Mzee Saulo, naam, mstaafu wa kiwanda cha karatasi Mgololo, kofia ya sufu hadi masikioni, miaka sita iliyopita aliingia chumba cha MRI akatoa mkono wa kushoto, akasalimu kwa lugha ya kwao, kamwene mwanangu, unisamehe, huu wa kulia umeshaniacha, kiharusi hakina adabu, wakacheka wote wawili, akauliza picha ya kichwa chake itafika Ulaya, itafika Mzee, basi uandike na jina langu, hairuhusiwi Mzee, utakuwa Mgonjwa wa Tisa, akanuna kidogo... wa kulia, alisema wa kulia, mkono wa kulia ulipooza, basi jeraha liko ubongo wa kushoto, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua, sasa mbona kwenye makala, Picha ya Tatu, ile wanayoionyesha kila mkutano, doa la Mgonjwa wa Tisa liko kulia, na aliyeandika neno "kulia" pale ni nani kama si yeye mwenyewe, labda Mzee alichanganya, achanganye nini, mtu hasahau mkono uliomfia... hospitalini picha husomwa kana kwamba mgonjwa amekuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, kama watu wanaosalimiana, lakini ile programu ya kompyuta ilimwonyesha kana kwamba umesimama nyuma yake, na yeye Lea akaandika pande kwa mazoea ya hospitali, wagonjwa kumi na tisa, wote, wakageuzwa, na makala nzima inasema waliojeruhiwa kulia ndio wanaochelewa kupona, watu mia mbili na kumi na nne wamesoma wakaitikia amina, aibu iliyoje, na Goodness... ee Mungu, Goodness, daktari wa Iringa anayeandika tasnifu yake juu ya makala hiyo hiyo, amepiga simu mara tatu mwezi huu, "Samahani Dokta, kwangu inatoka kushoto, nahisi nimekosea tena," naye, kwa sauti ile ya mtu aliyenukuliwa sana, rudia kupima, Goodness, kuwa makini, na binti wa watu anarudia, wagonjwa arobaini, kutwa nzima macho kwenye skrini, ameanza kusema labda kazi hii haimfai... "Wino umeisha?" akauliza Severina, hapana, upo, nipe dakika... asaini leo, asahihishe baadaye, cheo hakinyang'anywi hivi hivi, lakini jarida likiiondoa makala inabaki ile sabini isiyofika, miaka mingine mitano ya uhadhiri mwandamizi, mama atawaambia nini wenzake wa kwaya, na aliogopa, aliogopa sana, huku akilini Mzee Saulo amesimama palepale mlangoni na mkono wake wa kushoto, anaona haya kwa kosa lisilo lake, kama Goodness anavyoona haya, na mwenye kosa ndiye amekaa kitini anaombwa radhi na wote... chai ya Severina ilikuwa bado inatoa moshi, kalamu bado iko hewani, nafasi ya saini bado nyeupe, na barua kwa mhariri ilikwisha kuanza kichwani, sentensi ya kwanza fupi tu, nilikosea pande, lakini kabla ya mhariri kuna simu ya Iringa, acha kupima, Goodness, wewe ulikuwa sahihi tangu mara ya kwanza.