Kuku Aliyeonjeshwa Njegere

Wewe uliye mama, ukisema "kwangu hicho hakipikwi" ukaona umemaliza, soma haya kwanza.

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne, njegere za mbegu zilipanda mlima mpaka kijijini kwetu kwa lori. Zilitoka Ulaya. Bwana shamba Primus alitueleza mkutanoni kwamba huu ni ushirikiano: wenzetu wanaleta mbegu, sisi tunatoa shamba la kijiji, na mavuno yatapakiwa ndege kule uwanja mpya, yawafikie wakati wa baridi yao.

"Na sisi tutakula nini?" akauliza wifi yangu Redempta, aliyeolewa boma la pili kutoka kwangu. "Au tutakuwa tunaangalia ndege?"

Watu wakacheka. Primus hakucheka. Aliinua kiganja cha njegere, nyekundu kama zimepakwa rangi ya mlango. "Mama zangu, hii rangi ni dawa ya wadudu. Hizi ni za ardhi tu. Si chakula."

Nilirudi nikamkalisha binti yangu Anyesi, wa darasa la pili, mtoto pekee aliyeniachia Mungu. Nikamwambia, njegere nyekundu usiguse, hata ukilia njaa. Akaitikia.

Tulipomaliza kupanda, masalio yalibaki ghalani, na kufuli la ghala lile lilikuwa kamba ya mgomba. Redempta akatoka humo na debe la njegere. Akazisugua mferejini, maji yakateremka mekundu kwa watu wa chini, mpaka njegere zikabaki kijani, zinang'aa.

"Wifi, hiyo ni sumu."

"Sumu imeshaoshwa, inakwenda Moshi mjini. Wao wana hospitali."

"Utakuja kufa, wewe."

"Basi ngoja nimuulize kuku."

Huku kwetu uyoga usioujua humwonjesha kuku kwanza. Redempta akamchemshia tetea wake mweupe konzi moja, tukasimama tunamtazama. Tetea akala, akapangusa mdomo kwenye nyasi, akaenda zake kutaga. Kesho yake akala tena, akataga tena.

"Unaona?" Redempta akasema. "Ana akili kumpita Primus."

Jumapili akapika kiburu, ndizi na njegere zile badala ya maharage. Harufu ilivuka ua wa miti ya masale mpaka jikoni kwangu. Nikafunga mlango, nikasonga ugali wa unga wa njano, ule wa msaada. Kwangu haziingii, nikasema.

Wiki zikapita, hakuna aliyeumwa. Wifi alinenepa kidogo, hata shavu likarudi. Tukikutana mferejini, anaosha nyingine, ananiambia, "Bado unaogopa? Kamuulize kuku."

Asubuhi moja nikapita kwake kuomba moto. Tetea alikuwa anazunguka uani. Anadonoa pembeni ya punje, anaikosa, anadonoa tena. Akaanguka ubavu, akainuka, akaendelea kuzunguka. Redempta amesimama mlangoni, anajisugua midomo kwa vidole.

"Wifi," akasema polepole, "midomo yangu siisikii tangu jana."

Nikasahau moto. Njiani nilikuwa namshukuru Mungu kwa mlango wangu.

Nikamkuta Anyesi anavaa sare. Kifungo cha kwanza kilimponyoka. Akakishika, kikamponyoka tena.

"Mama, nifungie. Vidole vimelala."

"Umekula nini?"

"Uji."

"Kwa shangazi je?"

Akatazama chini. "Hunipa nikitoka shule."

"Si nilikukataza?"

"Zile zilikuwa kijani, mama. Wewe ulisema nyekundu."

Nikamfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, sijui kwa nini. Kisha nikambeba mgongoni kwa khanga, mtoto mkubwa vile, tukaanza kuteremka kwenda hospitali. Kwenye mfereji, wanawake wa chini walikuwa wanateka maji ya kupikia. Mmoja akanyoosha kata yake.

"Mtoto ana kiu huyo," akaniambia. "Mpe anywe."