Bei ni Kitambaa

...au aseme nusu, nusu tu, nusu si kuuza, nusu ni kupunguza, hata yule binti wa ofisi ya dalali wa hisa ameonekana kuelewa, amesema sawa mzee wangu, usikate simu, nakuangalizia bei ya sasa hivi halafu utaniambia niuze zote au nusu, na kabla hajamjibu likaingia hilo gitaa, wimbo usio na maneno wala mwisho, nani sijui anayechagua nyimbo hizi, mtu roho iko juu wewe unampigia gitaa, na yeye amesimama jikoni kwake, simu sikioni, mkono mwingine umeshika ukingo wa sinki kama sinki litamkimbia, na kule sebuleni binti yake anambembeleza mtoto alale, asisikie, jamani, chochote kile lakini huyu asisikie kwamba baba yake anauza hisa za mama yake. Za mama yake, ndiyo, ingawa jina lilishabadilishwa baada ya mazishi na sasa kisheria ni za kwake yeye, fundi makochi, mtu ambaye maisha yake yote amejua kupigilia misumari na kukaza springi, hisa zilikuwa na mwenyewe, mjuzi wake. Na si kwamba anazitaka hizo fedha, hana shida, watoto wamemaliza shule, nyumba ni yao, anataka nini, anataka tu kulala usingizi, kwa sababu tangu kampuni ya rangi ianze kuporomoka pale sokoni hajalala usingizi wa maana, na leo asubuhi ndio kinyozi akammaliza kabisa, kamshikia wembe shingoni halafu anamwambia mzee, kama una chochote pale kitoe leo, watu wanakimbia, na mtu aliyekushikia wembe shingoni huwezi kumbishia wala kutikisa kichwa, unasikiliza tu, ukitoka pale umenyolewa ndevu na imani pia. Marehemu angecheka. Alikuwa akisema kinyozi ana habari zote za soko la hisa, kitu pekee ambacho hana ni hisa, kila wiki ananunua na kila wiki anauza, anakimbia huku na huku kama kuku aliyefungwa mguu mmoja, jioni yuko palepale... lakini kucheka ni rahisi ukiwa na mtu wa kucheka naye, ukiwa peke yako maneno ya kinyozi yanakuwa mazito.

Gitaa limekatika, sauti ya yule binti ikasikika kwa mbali akiongea na mwenzake, hapana, huyo ni yule mwingine, huyu ni mzee wa rangi, halafu gitaa tena, haya, sasa amekuwa mzee wa rangi... kusubirishwa kwenye simu, hilo nalo, mkewe ndiyo ilikuwa kazi yake, opereta wa simu kwenye ofisi ile kubwa ya bima, enzi za ubao wa waya, masikio yamebanwa na vile visikilizio, mkono wa kushoto unachomoa waya huu, wa kulia unachomeka ule, na ile sauti, Mungu wangu, ile sauti aliyoipenda kabla hajauona uso wake, alipiga simu kuulizia zabuni ya kutengeneza viti vya mapokezi, akaambiwa tafadhali subiri kwenye laini, akasubiri, akasubiri, mpaka akasahau alichopigia, na siku alipokwenda kuchukua vipimo hakupima kiti hata kimoja sawasawa. Watu wengi, alikuwa akimwambia, hukata simu wakati mimi nimeshauinua waya wao, bado kuuchomeka tu, wangevuta pumzi moja zaidi wangeongea na meneja. Hakuwa anasema kuhusu hisa, wakati ule hisa hazijui, alikuwa anasimulia tu ya kazini huku anavua viatu, miguu imemvimba, na yeye akamsogezea kigoda aweke miguu, kigoda alichokitengeneza kwa mabaki ya ngozi ya kiti cha mkurugenzi fulani, kwa hiyo wewe mke wangu, alimwambia, miguu yako imekaa juu ya ukurugenzi, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hisa zilikuja baadaye, zilikuja na redio. Kila jioni baada ya taarifa ya habari yule mtangazaji mwenye sauti ya mafua alisoma bei, imepanda, imeshuka, haikubadilika, na mama watoto anasimama na mwiko mkononi hata mboga inaunguza, na yeye kule kwenye karakana, kibanda cha uani, naye ana kiredio chake juu ya mashine, anasikiliza huku anakata kitambaa, na hapo ndipo yalipotokea ya kochi la mwalimu mkuu. Kochi la watu watatu, kitambaa cha maua, maua makubwa mekundu yenye mashina marefu, mtangazaji anasema rangi imeshuka, imeshuka, na yeye moyo unakwenda mbio na mkasi nao unakwenda mbio, akakata, akashona, akavalisha, akapigilia, na mwalimu mkuu alipokuja kuchukua mali yake akasimama mbele ya kochi, akainamisha kichwa upande, akainamisha upande wa pili, akamwuliza kwa upole kabisa, fundi, hivi maua haya yameanguka kutoka wapi? Yote kichwa chini, bustani nzima kichwa chini. Akamnunulia kitambaa kingine kwa fedha yake, akamtengenezea kochi jingine, na lile la maua yaliyoanguka likabaki kwao, binti yake amelikalia sasa hivi hapo sebuleni, amelikalia tangu hajajua kutambaa. Na usiku ule mkewe hakumgombeza hata kidogo, alicheka kwanza, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa betri kwenye kiredio cha karakana akazitia mfukoni, akasema kuanzia leo bei tutazisikia mara moja tu kwa mwezi, pamoja, tumekaa kitako, tumeshiba, na yeyote anayetaka kuuza chochote aseme sababu. Akamwuliza sababu gani? Akamjibu, "Sababu yoyote, lakini bei usiitaje. Ukishindwa kuisema bila kutaja bei, basi huna sababu, una hofu."

Ndiyo sheria iliyotawala nyumba hii, majirani wakamwita mkewe Benki Kuu kwa utani, Benki Kuu leo haikopeshi?, na yeye anatikisa mkoba, haikopeshi, imefunga. Kila gawio la faida likija hawalili, wananunua hisa nyingine, watoto wakinung'unika anawaambia mbegu haipikwi, na mtu akidhani hiyo ni subira ya kukaa tu na kufumba macho atakuwa hakumjua, maana methali ya mvumilivu hula mbivu aliipenda lakini aliitia maneno yake, hula mbivu, ndiyo, kama huwa anakwenda kuuangalia mti, asipokwenda atakula mbovu. Na yeye alikwenda. Mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni ya rangi alikuwa anavaa viatu vyake vizuri, anakaa safu ya mbele na wenye suti, ananyoosha mkono, ananyoosha mkono tena, na kurudi anarudi na kofia ya kampuni na majibu. Hisa walizokuwa nazo za kampuni ya sabuni aliziuza wakati zinapanda, watu wakamwona hamnazo, akasema mwenyekiti nimemwuliza swali moja mara tatu na mara tatu amenijibu swali jingine, basi, sababu hiyo, bei haimo. Lakini za rangi hakuziuza kamwe, kwa nini, kwa sababu watu wataoa watapaka rangi, watahama watapaka rangi, watakosana na jirani watapaka rangi ili kumkomoa, na kwa sababu viongozi wake wakiulizwa wanajibu. Na siku moja fundi alimwuliza mkewe, hivi wewe haya umejifunzia wapi, darasa gani, akamtazama kama anayemshangaa, akasema, "Kwako. Si wewe unayesema mteja anatazama kitambaa na fundi anatazama mbao? Kitambaa kinapauka, kinachanika, mbao zikiwa nzima kochi ni lilelile. Bei ni kitambaa, fundi." Na ni kweli fundi alikuwa akiyasema hayo kila siku, kwa wateja, kwa kuwabembeleza wasitupe makochi yao, hakujua kuna mtu jikoni anayasikiliza na kuyafanyia kazi.

Haya basi, aseme sababu, gitaa linaendelea, muda anao, aseme kimoyomoyo bila kutaja bei. Nauza kwa sababu... imeshuka, hapana, hiyo ni bei. Kwa sababu itazidi kushuka, bei hiyohiyo imevaa koti. Kwa sababu kampuni imeharibika? Haijaharibika, binti yake alimsomea ripoti yote mwezi uliopita, wameuza makopo mengi kuliko mwaka juzi, deni wanalipa, mwenyekiti ni yuleyule anayejibu. Kwa sababu watu wameacha kupaka rangi? Kinyozi mwenyewe, huyohuyo mtabiri wa kiama, kibanda chake bado kinanuka rangi mpya, leo asubuhi alimwambia usiegemee ukuta mzee utachafuka. Mbao ni nzima, basi, mbao ni nzima, na bado anataka kuuza, kwa hiyo sababu ni kwamba anaogopa, nauza kwa sababu naogopa, ndio ukweli wenyewe, na aibu gani, yeye hakuumbwa kama mkewe, yule alikuwa na moyo wa chuma, yule hata mwaka ule wa anguko kubwa, watu wamejazana kwenye milango ya madalali, wanasukumana, hisa zao zote zimebaki nusu ya zilivyokuwa, alizima redio, akauliza nani anataka chai nyingine, akakusanya vikombe. Mtu kama huyo ndiye mwenye haki ya kushikilia hisa. Yeye ni fundi makochi aliyeachiwa usukani wa mtu mwingine, na amejaribu, Mungu anaona amejaribu, mwisho wa kila mwezi anakaa mezani peke yake, ameshiba kama sheria inavyotaka, anasikiliza bei, na kiti cha mbele yake hakisemi kitu.

Nyayo. Binti yake ameinuka, anatembea na mtoto begani, anakuja huku au anazunguka tu sebuleni, na gitaa hili kelele zake zinasikika mpaka nje ya simu, atauliza baba unaongea na nani, na akimtazama usoni atajua, uso huu haujui kuficha, basi akanyoosha mkono akafungua bomba, maji yakaanza kugonga sinki kwa kishindo, vizuri, gitaa limefunikwa, hata pumzi zake zimefunikwa, atadhani baba anaosha vyombo... atadhani anaosha vyombo. Maji yanamwagika juu ya sinki tupu, hakuna hata kijiko, naye anayatazama, anayasikiliza, na sauti hii anaijua, wapi, sauti ya maji yanayomwagika muda mrefu bila kubadilika, bila kukatizwa na ndoo wala kitambaa... usiku ule. Usiku ule wa anguko kubwa, alizima redio, ndiyo, aliuliza nani anataka chai, ndiyo, alikusanya vikombe, na kisha akaingia bafuni akafunga mlango, na maji yakafunguliwa, na yeye alikuwa karakana anakaza springi za kiti, anasikia maji yanakwenda, yanakwenda, akasema moyoni mwanamke huyu ni jiwe, dunia inaungua yeye anafua nguo. Akajivuna naye, akamwambia hata kinyozi, wangu alikuwa anafua. Na asubuhi alipotoka uani kamba ilikuwa tupu. Alipita chini yake, kamba tupu, hakuna hata leso iliyoanikwa, akaona, akapita, akaenda kazini kwake.

Hakuwa anafua. Miaka yote hii, hakuwa anafua. Alikuwa amesimama kule ndani kama yeye alivyosimama hapa, ameshika ukingo wa kitu, amefungua maji ili mumewe asisikie, na mumewe naye huku nje anakaza springi ambayo ilishakazwa, kwa sababu ukweli ni kwamba ilishakazwa, aliirudiarudia tu ili mikono ipate kazi, aliogopa nusura afe, na hakutaka mkewe ajue, basi walikuwa wawili wanaoogopa, kila mmoja upande wake wa mlango, na hakuna aliyeuza. Kwa hiyo si chuma. Kwa hiyo ile sheria ya kusema sababu hakumtungia mumewe mwoga, aliitunga kwa ajili yake mwenyewe, na betri zile alizitia mfukoni mwake kwa sababu ni yeye aliyekuwa akizitamani. Moyo unamdunda, bado unamdunda, sasa hivi yule binti atarudi aseme haya mzee wangu, zote au nusu, naye atamwambia hapana, acha kama zilivyo, na sauti itatetemeka, na itetemeke tu, kesho pia ataogopa na mwezi ujao mezani ataogopa, kumbe kuogopa hakukatazwi. Nyayo zimeishia pale sebuleni, mtoto amenyamaza. Gitaa linapigwa, maji yanamwagika, hajasogea hata hatua moja kutoka kwenye sinki, na machozi yanamtoka huku anakaribia kucheka, maana ameishi na mwanamke yule akidhani ameoa jasiri, kumbe alioa mwoga mwenzake, na hajawahi kumpenda kama anavyompenda sasa.