Mgeni wa Mia Tatu na Moja

Jumatano saa nne asubuhi, Bibi Waya alikuwa akifuta vumbi kwenye kabati la mtambo mkuu wa kompyuta, mtu akabisha hodi kutoka ndani.

"Karibu," alisema, akafungua.

Akatoka mwanamume mwembamba, shati baridi kama lililoanikwa usiku, kakumbatia bunda la karatasi. Akaketi kwenye benchi la mafundi.

Mtambo ule ni mmoja, ila ndani yake zinaishi mashine pepe, kompyuta zisizo na mwili, mia tatu na moja, kila moja ikijiona iko peke yake duniani, kama mtoto wa pekee. Mafundi huziita wageni. Zote hutokea kwenye kadi moja ya mtandao, na kadi hiyo haipokei anwani zaidi ya mia tatu.

Huyu alikuwa mgeni wa vizazi. Kazi yake kupeleka hospitali majina ya watoto waliozaliwa. Asiye na jina pale hatibiwi, na mjukuu wa Bibi Waya, mwenye siku kumi na mbili na tundu moyoni, alikuwa akingoja jina lifike ndipo apasuliwe.

"Wiki tatu sasa nabisha, mama. Naambiwa pamejaa."

"Pamejaa maiti, baba."

Wageni arobaini walikuwa wa idara zilizovunjwa zamani. Hawafanyi kazi, hawasemi, lakini anwani wamezikalia. Kumwondoa mmoja kunataka saini ya mkuu wa idara yake.

Bibi Waya akampigia meneja.

"Mgeni huondolewa na mwenyeji wake, fundi. Mimi nani?"

"Basi tuongezee kadi."

"Kwani iliyopo imekufa?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi Waya hakuwa na jembe. Akampa viatu vyake vya mpira.

"Hospitali iko nyuma ya soko. Nenda kwa miguu."

Akaenda. Dirishani walimpokea bila maneno, maana karatasi ilikuwa na muhuri. Alipeleka jina moja, akangoja jibu, akarudi kuchukua la pili. Ndivyo alivyoundwa. Kwa siku alifikisha majina ishirini. Waliozaliwa kwa siku walikuwa thelathini.

"Mtangulize mjukuu wangu, baba'angu."

"Mama, humu nani hana bibi?"

"Haya. Wa ngapi?"

"Wa mia tatu na kumi."

Bibi Waya akahesabu kwa vidole: siku kumi na sita. Akampigia binti yake. "Mbebe tu, mwanangu. Usimwache alie sana."

Ijumaa meneja alipita kwenye korido, akakutana na mgeni akitoka na jina mkononi, viatu vimepasuka kisigino. Akampisha. Kisha akaingia ofisini kwake kuandika ripoti ya wiki: majina yanafika, mtandao u mzima, kadi ya pili haihitajiki.