Muhuri wa Kuwabara

Jumanne asubuhi wakili Odagiri Shigemitsu aligusa tofu, ile jibini laini ya soya, kwenye bakuli lake ajue kama imepoa. Alipoondoa kidole gumba, tofu ilibaki na muhuri mwekundu, duara dogo lenye jina la ukoo wa Kuwabara.

"Baba, unachafua chakula," mkewe Fusae alimwambia.

Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa siki, akasugua kwa jiwe la visigino. Kufika saa nne jina la Kuwabara lilikuwa kwenye kitasa cha mlango, kwenye gazeti na kwenye ukosi wa shati lake. Karani wake alifuta simu kwa kitambaa akaendelea na kazi.

Odagiri alijua jina limetoka wapi. Alikuwa wakili wa mji wa Takanose kwa miaka thelathini na mmoja, diwani vipindi viwili, kisha mshauri wa sheria wa halmashauri. Mji ulipotaka kujenga bwawa, nyumba kumi na tatu za bondeni zilitakiwa kupiga muhuri wa ridhaa, kila moja kwa muhuri wa jina la ukoo uliosajiliwa, ambao ndio saini yake. Kumi na mbili zilipiga. Kuwabara Tome alikataa, maana mumewe na wanawe wawili wamezikwa huko. Siku ya mwisho ya kupeleka makaratasi, Odagiri aliingia duka la kalamu na madaftari, akazungusha kisanduku cha mihuri ya bei rahisi iliyokwisha chongwa majina ya koo, akachagua Kuwabara, akapiga mwenyewe. Alijiambia kwamba mji mzima hauwezi kungoja ukaidi wa bibi mmoja.

Mchana Tome aliingia na mabuti yake ya shambani, akaketi bila kukaribishwa.

"Wakili, nimeiona ile karatasi. Muhuri wangu ni wa pembe. Ule ni wa plastiki."

"Najua."

Tome alikitazama kidole chake. "Kumbe umeuhamishia mwilini. Afadhali, hutaupoteza."

Odagiri hakuweza kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Bwawa linafungwa Ijumaa, maji yajae bondeni," Tome alisema. "Twende kwa meya ukaseme ukweli."

"Nikisema, uwakili wangu umekwisha."

"Na wafu wangu je, wataogelea?"

Wakaenda. Njiani Odagiri alitembea mbele, akasimama, akarudi nyuma kama mtu aliyesahau kofia, kisha akaendelea.

Meya Nishiwaki aliwapa chai. Odagiri hakuigusa. "Niliupiga mimi," alisema. "Muhuri si wake."

Meya akamwita mkuu wa usajili wa mihuri, naye akaja na kioo cha kukuzia. Alikipima kidole, akaipima karatasi.

"Vinalingana," alisema. "Nyama na karatasi ni kitu kimoja."

"Basi tatizo liko wapi?" Meya aliuliza. "Mihuri ya dukani iko mingi kama mchanga. Huu uko mmoja duniani, tena hauibiki. Sajili huu, ule wa pembe ufute."

"Ufute ukoo wangu na mimi nikiwa nimekaa hapa?" Tome alisema.

"Bibi, kunywa chai."

Ilibaki karatasi moja, ya ruhusa ya kufunika makaburi kwa maji. Meya alimshika Odagiri kifundo cha mkono, taratibu, kama anayemvusha mzee barabara. Odagiri aliuvuta mkono, lakini si kwa nguvu. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuvutana na mtu ndani ya ofisi ile. Kidole kikatua. Wino ulitoka safi.

Ijumaa maji yalifungwa. Kufika Jumapili yalikuwa yamepita vichwa vya mawe ya makaburi.

Siku hizi Tome akiwa na kifurushi cha posta au fomu ya hospitali, hana budi kwenda kwa wakili kupigiwa muhuri. Hufika na mabuti yaleyale, hutandaza karatasi mezani bila salamu. Odagiri hutoa kidole.

"Bonyeza sawasawa," Tome humwambia. "Jina la mume wangu hilo."